Shajara ya Usomaji: Mpe Sauti Mhusika Asiyesema

Mwongozo huu una maudhui, sifa za wahusika na mbinu za uandishi katika Bembea ya Maisha. Usianzie huko. Mtahiniwa aliyekariri orodha ya sifa za Yona hukwama swali likigeuzwa kidogo tu, kwa sababu orodha ile si yake. Anza na shajara ya usomaji.

Chukua daftari la kurasa 96. Kila umalizapo onyesho, funga kitabu uandike nusu ukurasa kwa nafsi ya mtu mmoja katika tamthilia hii ya Timothy Arege. Usiandike muhtasari. Andika barua, ndoto, malalamiko, hata ugomvi. Maneno ya kwanza yakikujia kwa Kipokomo au Kiorma, yaandike vivyo hivyo, kisha uyageuze. Kiswahili sanifu kinadaiwa na mtihani, shajara haikudai.

Tumtazame Yona. Alikuwa mwalimu, akaingia katika ulevi, na sababu kubwa ni masimango ya wanakijiji kwamba hana mtoto wa kiume, ilhali ana mabinti watatu: Neema, Asna na Salome. Sasa jiweke katika nafsi ya mmoja wa wanakijiji hao:

“Mimi ni jirani yake. Kila alipopita nilimuuliza shamba lake atamwachia nani. Nilicheka, naye akacheka. Siku hizi hapiti hapa mchana. Sara nikimwona simuulizi kitu. Nilishaamua zamani kwamba kosa ni lake.”

Soma tena sentensi ya mwisho. Imefika kwenye taasubi ya kiume bila kuitaja: watu wawili hawakupata mwana, lawama ikamwangukia mmoja. Na ukikulia Kinakomba, ambako shamba la kando ya Tana ndilo chakula na karo, huenda swali hilo la urithi umelisikia nyumbani kabla ya kulisoma darasani.

Hapo ndipo penye hatari. Jirani huyu na swali lake la shamba tumewabuni sisi. Mtahini hatoi alama kwa ulichobuni, hata kiwe kizuri namna gani. Kwa hiyo pitia ulichoandika ukiwa na kitabu mkononi. Andika K pembeni mwa kila jambo lililomo kitabuni, pamoja na nambari ya ukurasa, na B kwa kila ulichobuni. Mabinti watatu, K. Shamba, B. Ukurasa wenye B tupu unakuambia urudi kusoma.

Kazi hii inachosha, lakini usiiruke. Pale nakala moja inaposomwa na wanafunzi watatu, kitabu huondoka na mwenzako, nambari zikabaki kwako. (Daftari lenyewe lihifadhi mahali pa juu. Aliyeyaona mafuriko ya 2024 hahitaji kuelezwa kwa nini.)

Faida yake utaiona kwenye swali la dondoo. Muktadha una alama 4: msemaji, msemewa, mahali na sababu ya kusema. Wengi hupata tatu za kwanza. Sababu ndiyo huwaponyoka, nayo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta ulipoandika kwa nafsi ya mhusika.

Shajara hiyo hiyo itumie kwa fasihi simulizi. Lahani ya Wimbo wa Taifa wa Kenya ilitokana na bembelezi ya Wapokomo, basi huna haja ya kutafuta mifano mbali. Mwombe nyanya akuimbie bembelezi moja, uandike nani huiimba, wakati gani, mtoto akiwa katika hali gani, na kinachoahidiwa au kutishiwa ili anyamaze.

Zoezi la wiki hii: Mwandikie Yona barua kwa nafsi ya Salome, maneno 150, bila kutumia neno “pombe”. Tia K na B. Kisha mpe mwenzako aliye na kitabu akague kila K, moja baada ya nyingine.