Mstari Mnyoofu Katika Umbo Sanifu

Ndugu wanafunzi, wengi wenu mwaupenda sana mlinganyo wa y = mx + c, nami siwalaumu, kwani waonyesha mteremko wa mstari bila taabu. Leo nataka kumtetea ndugu yake, Ax + By = C, ambamo A, B na C ni namba nzima zisizo na kigawo cha shirika ila 1; nayo A, isipokuwa sifuri, kwa desturi huwa chanya.

Tuseme mzazi ana shilingi 12,000. Daftari moja ni shilingi 800, kalamu moja shilingi 300, naye ataka fedha yote iishe. Daftari ziwe x, kalamu ziwe y. Twapata 800x + 300y = 12,000. Gawanya kote kwa 100:

8x + 3y = 120

Kuchora ni kazi ya dakika moja. x ikiwa 0, y ni 40. Y ikiwa 0, x ni 15. Tia nukta mbili, shika rula, umemaliza.

Sasa mpenzi wa y = mx + c ataandika y = 40 − 8x/3, na mwenye haraka ataandika 2.67x. Hapo ndipo alama zinapopotea! Jaribu daftari 15 kwa 2.67, nawe utapata kalamu −0.05. Duka gani huuza kitu hicho? Umbo sanifu halina udanganyifu huo. 120 hugawanyika kwa 3, na 3y vilevile, basi 8x sharti igawanyike kwa 3. Kwa kuwa 8 haigawanyiki, x ndiyo igawanyike. Kwa hiyo daftari ni 0, 3, 6, 9, 12 au 15, na kalamu ni 40, 32, 24, 16, 8 au 0. Mimi ningenunua daftari 9 na kalamu 16, maana kalamu za bwenini hupotea ovyo.

Mkipewa nukta mbili, kama (3, 32) na (9, 16), tafuteni kwanza mteremko: −16/6, yaani −8/3. Kisha:

y − 32 = −8/3(x − 3)

Zidisheni pande zote kwa 3:

3y − 96 = −8x + 24

Hamisheni, na 8x + 3y = 120 imerudi.

Je, mzazi akikata shauri kununua daftari 6 tu, kalamu ziwe zozote? Mstari huo wasimama wima; hauna mteremko, na y = mx + c haiwezi kuuandika kabisa. Umbo sanifu lauandika 1x + 0y = 6, nao wakutana na mstari wetu wa kwanza penye (6, 24).