Tulinde matundu ya kamera

Somo hili ni la vijana wanaoshika kamera siku za arusi, ubatizo na mazishi, na pia la wazazi wanaotunza kaseti kabatini. Wengi wetu tulivuka kutoka Bukavu kuingia Cyangugu Juni 2004, kabla mji huo haujaingizwa katika wilaya ya Rusizi mwaka 2006. Sura na sauti za wazee tuliowazika tangu wakati ule zimo katika kaseti ndogo za MiniDV, kila moja ya dakika 60, na nyingi hazina nakala.

Ili kaseti hiyo iingie kwenye kompyuta ikiwa na ubora wake wote, inapita katika tundu moja tu: lile dogo la pini nne lililoandikwa DV, au i.LINK kwa kamera za Sony. Waya wa njano, nyekundu na nyeupe nao hutoa picha, lakini imefifia. Kamera za aina hiyo hazitengenezwi tena. Tundu likivunjika, kaseti ni nzima lakini mlango umefungwa.

Tundu hilo limeshikizwa kwa risasi ya kuchomelea kwenye kibao cha ndani. Halivunjwi na uzee, linavunjwa na mkono. Kichwa cha waya kikikataa kuingia, tusikisukume. Tukigeuze na kuangalia umbo lake kwa tochi. Tuzime kamera na kompyuta kwanza, ndipo tuunganishe, kwa sababu tundu kubwa la pini sita la kompyuta hupitisha umeme, na kichwa kilichoingizwa kinyume kwa nguvu kinaweza kuunguza kamera. Tunapochomoa, tushike kichwa, si waya.

Watoto wetu hukimbia kati ya mabenchi, hilo hatuwezi kulizuia. Basi tufunge waya kwenye mguu wa kusimamishia kamera kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, na tuache mkunjo mlegevu karibu na tundu. Mtoto akijikwaa, atavuta mguu, hatavuta tundu.

Kuhusu vumbi: kuanzia Juni hadi Agosti linaingia kila mahali. Kile kifuniko kidogo cha mpira tusikikate eti kinasumbua. Kama kimekwisha kung'oka, tuweke kipande cha karatasi safi juu ya tundu, kisha utepe juu ya karatasi, ili gundi isiguse chuma. Gundi ikiyeyuka kwa joto hukamata vumbi kuliko tundu lililo wazi. Kusafisha ni kwa brashi laini mpya, au ule mpira wa kunyonya kamasi za mtoto unaouzwa famasi, ukiwa mpya na mkavu. Tusipulize kwa mdomo, maana mate yanaleta kutu. Sindano na pini zibaki kwa mshonaji.

Unyevu ni adui asiyeonekana. Anayetoka Kamembe asubuhi ya baridi kwenda kupiga picha za arusi Bugarama, bondeni kwenye joto, atakuta umande juu ya kamera na ndani yake. Aiache ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, kamera imezimwa, mpaka ipate joto la mahali pale. (Mifuko ya plastiki ilikatazwa Rwanda mwaka 2008, kwa hiyo tusiitafute.) Na kwa kuwa Bugarama ni nchi ya mpunga, wapo wanaofukia kamera iliyolowa ndani ya mchele. Sisi hatukubaliani nao: unga na makapi ya mchele huingia matunduni. Atoe betri, afungue vifuniko vyote, aiweke kivulini penye upepo.

Kamera mpya za kadi zina matundu ya HDMI na USB yaliyo madogo pia. Tofauti ni kwamba kadi inatoka, picha haibaki kifungoni.

Kama tundu la DV limeanza kulegea na picha inakatika waya ukiguswa, tusiendelee kulitikisa. Tumtafute fundi anayechomelea simu akaze miguu yake kabla haijang'oka. Kamera ikirudi, tuanze kuhamisha kaseti za marehemu. Za arusi zitafuata.