Usiulize Kama Ofisi: Namna ya Kufanya Utafiti wa Uhamaji Nakivale

Mkazi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, ameshaulizwa mengi kabla hujafika. Aliulizwa mpakani, pengine Bunagana kama alitoka Kongo. Aliulizwa tena kituo cha mapokezi, kisha na watu wa Ofisi ya Waziri Mkuu walipomwandikisha. Mkongo kwa kawaida hupokelewa kwa kundi, lakini Mnyarwanda atakuwa ameketi mbele ya Kamati ya Ustahiki wa Wakimbizi akaeleza, kwa tarehe na majina, kwa nini hawezi kurudi kwao. Kila jibu lilikuwa na matokeo yake: kiwanja, chakula, hati, au kukataliwa. Sasa unafika wewe, mwanafunzi wa uzamili au mwandishi, una daftari na kinasa sauti, na swali lako la kwanza ni kwa nini alikimbia. Jibu utapewa, na litakuwa lile lile lililopewa ofisi. Mtu mwenye akili habadilishi maelezo yake mbele ya mgeni asiyemjua.

Ushauri wangu wote hapa chini umetoka kwenye jambo hilo. Utafiti wako usifanane na usaili wa ofisi: maswali yawe mengine, karatasi ziwe nyingine, mahali pawe pengine, na watu unaoongozana nao wawe wengine pia.

Kwanza vibali, maana bila hivyo hutafika. Anzia Mbarara. Kamati ya maadili ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, au kamati nyingine iliyoidhinishwa, ndiyo mlango wa kwanza. Cheti chake unakipeleka Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Kibali cha baraza unakipeleka Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi yote ya wakimbizi nchini na ambayo kila mtu huiita OPM. Barua ya OPM unamkabidhi mkuu wa makazi pale Base Camp, yaliko makao ya utawala wa Nakivale. Tenga miezi kwa safari hiyo ya karatasi. Ndani ya maombi yako andika mapema, kwa maneno yasiyo na shaka, kwamba rekodi za mahojiano hazitakabidhiwa kwa ofisi yoyote. Likiwa limeandikwa na kupitishwa, utakuwa na la kuonyesha siku utakapoulizwa.

Baada ya mkuu wa makazi, nenda kwa wenyeviti wa mabaraza ya ustawi wa wakimbizi. Jitambulishe, waeleze kazi yako, wape nafasi wakuulize. Lakini usiwaombe wakuchagulie watu wa kuhoji. Mwenyekiti anao watu wake, wale wale ambao kila mgeni hupelekwa kwao, na hadithi zao zimeshaandikwa. Tembea mwenyewe vijijini na upange njia yako ya kuchagua nyumba.

Sasa swali lenyewe la uhamaji. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kama kilomita 60 kutoka mjini Mbarara. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, ikatangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Haina uzio. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi, na watu kweli wanasafiri. Wanapeleka mahindi sokoni, wanafuata kazi mjini, wanapeleka watoto shule. Wakati huo huo, msaada wa chakula na kumbukumbu za usajili vimefungwa kwenye makazi. Mkimbizi aliyehamia Mbarara kwa kawaida bado anahesabiwa Nakivale. Ukimuuliza anaishi wapi, anakupa anwani ya usajili. Hajakudanganya, amejibu swali uliloliuliza.

Kwa hiyo badilisha swali. Muulize mwenye nyumba: wiki iliyopita, kila mtu wa nyumba hii alilala wapi? Ni swali dogo, halina harufu ya usaili, na linafungua mlango mkubwa. Utasikia mama yuko Juru, humo humo ndani ya makazi, analima, kijana wake anaendesha bodaboda Mbarara, binti yuko Kampala kwa shangazi anasoma. Ukishapata picha ya wiki moja, rudi nyuma pamoja naye mpaka mwaka mzima. Chora mstari kwenye karatasi, au ardhini kwa kijiti kama hapendi karatasi. Weka juu yake mvua za Machi na za Septemba, mavuno, kufungua na kufunga shule, siku za mgao. Kisha muulize nani aliondoka lini, nani alirudi, nauli ilitoka kwa nani. Tarehe kamili watu husahau, lakini hawasahau kwamba kijana aliondoka kabla ya kuvuna maharage. Kwa waliotoka Rutshuru, mashariki mwa Kongo, alama nzuri ni Juni 2022, waasi wa M23 walipoiteka Bunagana. Watakuambia walivuka kabla au baada, na hapo umepata mwaka bila kuuliza mwaka, tena bila kugusa sababu za kukimbia.

Kwenye mstari huo huo kuna hatari, na unapaswa kuijua kabla hujaanza kuchora. Baadhi ya watu watakuambia mtu wa nyumbani amerudi Kivu au Burundi kwa majuma machache kuangalia shamba au kuzika. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 una vifungu vya kusitisha hadhi ya mtu aliyejiweka tena kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake, au aliyerudi kukaa huko. Safari ya mazishi si hiyo, lakini karatasi yenye jina na safari inaweza kusomwa vibaya na mtu mwenye haraka. Usiandike jina kwenye mstari. Usiandike mtaa wa Mbarara anakoishi kijana. Tumia namba, na ufunguo wa namba uuhifadhi mbali na daftari.

Nani afuatane nawe? Kiswahili kitakufikisha mbali kwa Wakongo na Warundi wengi. Kwa Wasomali na kwa Wanyarwanda wengi utahitaji mkalimani, na kwa wenyeji Wanyankole, ambao nao lazima uwahoji, utahitaji anayezungumza Runyankore. Usidhani kwamba Mganda atafurahia kusalimiwa kwa Kiswahili, kwa kuwa wapo wazee ambao lugha hii waliisikia kwanza kwa askari wa Amini. Anayezungumza Kiswahili cha Bukavu au Goma mwandike alivyosema, usimsahihishe.

Mkalimani wa ofisi usimchukue, hata akiwa hodari. Sura yake peke yake inatosha kumrudisha mtu kwenye chumba cha usaili. Jambo la pili ni gumu zaidi. Vita vya Kivu vimewafuata watu hadi huku kwa majina ya makabila na vijiji. Mnyamulenge, Mhutu wa Masisi na Mbembe wanaweza kuwa majirani wanaochota maji bomba moja, na bado kuna mambo ambayo mmoja hatayasema mbele ya mwenzake. Andaa wasaidizi watatu au wanne, wanawake kwa wanaume, na umwache anayehojiwa achague, au akatae wote bila kutakiwa kueleza sababu.

Wafunze wakimbizi wenyewe kazi hii. Kundi la watafiti wa Oxford lililotoa ripoti ya uchumi wa wakimbizi mwaka 2014 liliwatumia wakimbizi kama watafiti, likakusanya majibu ya wakimbizi 1,593 nchini Uganda, wakiwamo wa Nakivale. Moja ya matokeo yake limenukuliwa kila mahali: Kampala, asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja mwingine, na kati ya walioajiriwa, asilimia 40 walikuwa Waganda. Isome ripoti hiyo kabla hujaandika maswali, uone wapi ilifika na wapi haikufika. Na wasaidizi wako wape mkataba ulioandikwa, kwa malipo yale yale ambayo ungemlipa msaidizi uliyetoka naye Kampala. Naona uchungu kila ninaposoma tasnifu nzuri ambayo shukrani zake zinamtaja msimamizi, mke na mfadhili, kisha waliofasiri kila neno wanakuwa "wasaidizi wetu wa Nakivale".

Kuhusu ridhaa, kumbuka Julai 2010. Katika makazi ya Nakivale na Kyaka II, Wanyarwanda wapatao 1,700 walipakiwa kwenye malori kwa nguvu na kurudishwa Rwanda. Baadhi yao walikuwa wameitwa wakusanyike ili wapewe taarifa kuhusu maombi yao ya hifadhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lililaani tendo hilo. Aliyeliona hawezi kulisahau, na watoto wake wamesimuliwa. Kwa hiyo usiite watu wakusanyike kwa kipaza sauti. Usifike na gari lenye nembo ukaliegesha mlangoni kwa mtu. Panda bodaboda, nenda mahali alipopachagua yeye, shambani au nyuma ya duka. Usitake kuona karatasi ya usajili wa familia wala kuipiga picha. Kidole kwenye wino kimeshatumika mno hapa, basi omba kamati ya maadili ikuruhusu kupokea ridhaa ya mdomo, ikithibitishwa na shahidi.

Sentensi ya kwanza ya ridhaa iseme usichoweza: huwezi kuongeza chakula, huwezi kubadilisha hadhi, huwezi kumpeleka mtu nchi ya tatu. Hilo la tatu lirudie polepole. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wameshapangiwa safari wakabaki walipo. Mtu wa namna hiyo akimwona mgeni na fomu, moyo wake unakwenda mbio. Huna haki ya kuutumia moyo huo ili upate mahojiano marefu.

Fedha nazo zina namna yake ya kuulizwa. Tangu 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limegawa kaya kwa makundi ya uhitaji, na Mei 2025 wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda waliondolewa kwenye msaada wa chakula. Katika hali hiyo, swali la "unapata shilingi ngapi kwa mwezi" lina jibu moja tu la busara, nalo ni "sina kitu". Uliza bei badala ya kipato. Debe la mahindi liliuzwa kwa kiasi gani baada ya mavuno, na kiasi gani miezi mitatu baadaye? Sabuni ya mwisho ilinunuliwa duka gani, kwa taslimu au kwa mkopo? Deni linalipwa lini? Kwa majibu hayo utajenga uchumi wa kaya bila kumtaka mtu atamke neno linaloweza kumnyima mlo. Umfidie muda wake, kiasi sawa kwa kila mtu, mkononi. Ukituma kwa simu, umebaki na namba yake.

Vifaa vya kupima mahali viache Mbarara. Mipaka ya ardhi ya Nakivale ni mgogoro wa miaka mingi kati ya makazi na wenyeji. Anayepita mashambani akinukuu vipimo huonekana mpima ardhi, na habari hiyo itakutangulia kijiji cha pili. Swali la ardhi liulize mwisho, siku ya pili au ya tatu, kwa pande zote mbili.

Takwimu za idadi ziandike pamoja na tarehe na chanzo. Mwaka 2018 Uganda na Umoja wa Mataifa walihakiki wakimbizi wote upya kwa alama za vidole na macho. Kabla ya hapo takwimu zilisema karibu milioni 1.4, baada ya uhakiki zikawa karibu milioni 1.1. Andika "waliosajiliwa" pale unapomaanisha waliosajiliwa, usiandike "wanaoishi".

Kama utafiti wako hauhitaji habari za mateso, usiziulize. Zikija zenyewe, sikiliza, zima kinasa, na uwe tayari unajua ni nani wa kumpeleka mtu kwake. Usidhani msaada huo ni wa madaktari wa mbali tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanyika hapa hapa Nakivale na Wanyarwanda na Wasomali 277 wenye majeraha ya nafsi, ulionyesha kwamba wakimbizi wasio na taaluma ya tiba, wakifunzwa majuma machache, waliwasaidia wenzao kupata nafuu ya kweli. Ulizia washauri wa namna hiyo kabla hujaanza mahojiano ya kwanza.

Mwisho wa kazi, rudi. Weka nauli ya kurudi kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu baadaye haitapatikana. Andaa ukurasa mmoja wa matokeo kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kisomali na Runyankore, uwasomee watu kabla hujawasilisha tasnifu au makala. Nakala moja iache kwa mwenyekiti wa baraza, nyingine maktaba ya chuo Mbarara, mwanafunzi ajaye asije akauliza upya yale yale. Baada ya kuwasomea, kaa siku mbili zaidi. Wenye pingamizi zito hawasemi mbele za watu. Watakutafuta kando, mmoja mmoja, wakueleze ulipokosea kuhusu kijiji chao. Watakayokuambia yaingize kwenye ripoti, hata kama yanakulazimu kuandika upya sura nzima.