MPIRA UNAOCHUNGULIA TUMBO
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Likizo iliyopita mjomba wangu, ambaye ni mvuvi wa Ziwa Viktoria, aliamka usiku akatapika damu nyingi. Wako waliosema kwamba amerogwa, na wako waliotaka apelekwe kwanza kwa mganga. Mama alikataa, tukampakia katika gari la samaki mpaka hospitali. Huko aliongezewa damu, na kesho yake daktari alimtia mpira mwembamba mdomoni, akaona mahali palipopasuka, akapafunga bila ya kumpasua hata kidogo. Jambo hilo lilinishangaza sana, nikaazimia kuuliza na kusoma mpaka nifahamu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Mwanzo wake

Hapo kale daktari alikuwa na shida kubwa ya kuona ndani ya tumbo la mtu aliye hai. Mwaka 1868 daktari mmoja Mjerumani, Adolf Kussmaul wa mji wa Freiburg, alimtumia mtu wa michezo aliyezoea kumeza upanga, akamtia bomba la chuma lililonyoka. Bomba lilipita, lakini nuru ya taa haikutosha, akaona kidogo sana. Mwaka 1932 Mjerumani mwingine, Rudolf Schindler, akishirikiana na fundi Georg Wolf, alitoa chombo chenye lenzi nyingi kilichoweza kupinda kidogo. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, ila mgonjwa aliteseka, na pembe nyingine za tumbo hazikuonekana.

Nuru hupindaje?

Sote tumefundishwa kwamba nuru husafiri katika mstari ulionyoka. Itapitaje basi katika mpira uliopinda? Mwalimu wetu wa Fizikia alinijibu kwa chupa. Nawe jaribu. Chukua chupa angavu ya plastiki, toboa tundu dogo ubavuni karibu na kitako, uijaze maji. Zima taa, kisha mulika kwa tochi kali kutoka upande wa pili ukilielekea tundu. Maji yatatoka yakipinda kwenda chini, na nuru itafuatana nayo. Kinga kiganja katika mchirizi, nacho kitang'aa. Jean-Daniel Colladon alionyesha jambo hili mjini Geneva mwaka 1841.

Sababu yake ni kwamba nuru iliyo ndani ya maji au kioo, ikiufikia ukingo kwa kulala sana, haitoki nje bali hurudishwa ndani yote. Kwa kioo kilichozungukwa na hewa, hutokea pembe inapozidi nyuzi 42 hivi. Nuru hurudishwa upande huu na upande ule, mpaka inafika mwisho.

Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitaka kutumia nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Shida ilikuwa kwamba nyuzi zikigusana nuru huvuja kutoka uzi mmoja hadi mwingine, na picha huharibika. Aliyeondoa shida hiyo alikuwa mwanafunzi, Lawrence Curtiss. Mwezi wa Desemba 1956 alitia ufito wa kioo ndani ya bomba la kioo cha namna nyingine, akaviyeyusha pamoja na kuvivuta kuwa uzi mmoja wenye ganda. Ganda lile likaizuia nuru isivuje. Februari 1957 Hirschowitz aliumeza mpira huo yeye mwenyewe kabla ya kumtia mgonjwa. Ndugu zangu mnaosema kuwa Fizikia haina faida ila kwa mtihani, litafakarini jambo hili.

Mpira wa leo

Mipira mingi ya siku hizi ina kamera ndogo sana nchani, na picha huonekana katika televisheni. Ndani yake mna njia ya kupitishia vyombo: koleo la kukata kipande cha nyama kwa kupimwa, waya wa kuondolea vinyama, na pete za mpira za kufungia mishipa. Tangu mwaka 2001 Marekani imeruhusu pia kidonge chenye kamera, urefu wake milimita 26, ambacho mgonjwa hukimeza. Lakini kidonge hupiga picha tu, hakiwezi kufunga mshipa.

Nilimwuliza daktari jinsi kazi hiyo inavyofunzwa. Alisema mwanafunzi hutazama kwanza, kisha hujizoeza kwa tumbo la mfano, ndipo huruhusiwa kumgusa mgonjwa, mkubwa wake akisimama kando. Mkono wa kushoto hushika magurudumu mawili, moja la kuinua na kuinamisha ncha, la pili la kuipeleka kulia na kushoto. Mkono wa kulia husukuma. Sheria kubwa ni hii: usisukume usipoona. Anayelazimisha aweza kutoboa utumbo. Na muuguzi anayeuosha mpira kwa dawa ana kazi kubwa vilevile, maana mpira mchafu ungepeleka ugonjwa wa huyu kwa yule.

Nasi je?

Daktari alieleza kwamba mjomba hakurogwa. Alikuwa na kichocho cha miaka mingi. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini na kuingia kwa ngozi yetu tunapooga ziwani. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake hupelekwa mpaka ini, yakaacha makovu. Damu ikizuiwa katika ini hutafuta njia nyingine, na mishipa ya umio huvimba hata ikapasuka. Mjomba alifungwa mishipa minne kwa pete, naye ameambiwa arudi afungwe tena. Mpira huzuia damu, lakini hauwezi kuyafuta makovu.

Nina la kuungama. Mwaka jana tulipogawiwa vidonge vya kichocho hapa shuleni, mimi nilivificha mdomoni kwa kuogopa kichefuchefu, kisha nikavitema nyuma ya bweni. Najua sikuwa peke yangu. Baada ya kuona beseni la damu ya mjomba wangu, nilikwenda mwenyewe kwa muuguzi nikavimeza mbele yake. Kichefuchefu kilikwisha kabla ya chakula cha jioni.

Wazazi wetu, mtu akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, mpelekeni hospitali siku ile ile. Nanyi wenzangu, mezeni vidonge. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mjomba wangu ungali unajengwa.