Pumzi na Hatua: Mazoezi Mepesi kwa Mama Aliye Kwenye Kemo

Kijitabu cha elimu kwa wagonjwa wa saratani ya matiti na familia zao, Mkoa wa Kigoma

Uchovu usioisha kwa usingizi

Mama wa Ujiji, Kibirizi au Kasulu anayetibiwa saratani ya matiti mara nyingi hulazimika kuifuata dripu ya kemo (tibakemikali) mbali: Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Dozi hurudiwa, kwa dawa nyingi kila baada ya siku 21. Akirudi nyumbani, ndugu humwonea huruma: "Lala, mama, usiguse kitu."

Huruma hiyo ni njema, lakini uchovu wa kemo si kama wa kutoka shamba la michikichi. Ule wa shamba huisha ukilala. Huu unaamka nao. Ukilala kutwa, misuli inalegea, na kesho hata kwenda chooni kunakuwa safari.

Mazoezi yanasaidia nini?

Mazoezi hayatibu saratani, wala hayachukui nafasi ya dripu. Kazi yake ni kupunguza uchovu na wasiwasi, ili mama awe na nguvu ya kumaliza dozi zake. Mwongozo wa mwaka 2024 wa Chama cha Madaktari wa Saratani cha Marekani, ASCO, unapendekeza mazoezi kwa ajili ya uchovu wakati wa matibabu, na unaitaja pia taichi, mazoezi ya Wachina yanayounganisha pumzi na mwendo wa polepole. Hapa kwetu tunaweza kuanza na haya, baada ya kumuuliza daktari wako.

1. Pumzi. Keti, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo liinuke. Itoe kwa mdomo ukihesabu hadi 6. Rudia kwa dakika 5, hasa kabla ya dripu na kabla ya kulala.

2. Mikono na mabega. Ukivuta pumzi, inua mikono polepole hadi usawa wa mabega, ukiitoa, ishushe. Rudia mara 5. Kama umefanyiwa upasuaji, mtaalamu akuonyeshe kwanza.

3. Hatua. Tembea dakika 5 hadi 10 asubuhi au jioni, jua likiwa pole. Chagua njia tambarare, si vilima vya Kigoma mjini. Uweze kuongea unapotembea. Ukishindwa, punguza mwendo. Nyayo zikifa ganzi, vaa viatu vilivyofunga na shika mkono wa mtu. Siku mbaya, pumzi peke yake inatosha.

Safarini

Kwenye basi au treni, kunja na kunjua vifundo vya miguu mara kwa mara. Chombo kikisimama, shuka unyooshe miguu.

Acha mazoezi, nenda hospitali mara moja

- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au baridi kali. Tumezoea kusema ni malaria na kununua dawa dukani. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, hivyo maambukizi yanaweza kuua haraka. Usisubiri kukuche. Fika hospitali na useme mapema: "Niko kwenye kemo."
- Kifua kuuma, kukosa pumzi au kuzirai.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Kutokwa damu isiyokoma.

Ukitapika sana, pumzika, na meza dawa ya kuzuia kutapika kama ulivyoelekezwa.

Kwa ndugu

Mchoteeni mama maji, mbebeeni kuni. Nguvu alizonazo azitumie kutembea. Msimlazimishe, wala msimfungie ndani. Jioni, jua linaposhukia milima ya Congo ng'ambo ya ziwa, badala ya "Lala, mama," mwambieni: "Mama, twende hadi pale kwenye mwembe, turudi."