Namna ya Kuuhoji Mwani wa Kibarani

Niliwahi kutangaza msiba usiokuwapo. Ulikuwa mwezi wa Machi, joto la kaskazi limefika kileleni, nami nimesimama ukingoni mwa maji Kibarani, Mombasa. Mwani mwekundu niliokuwa nikiuangalia kwa miezi ulikuwa umegeuka rangi ya majani makavu. Nikaupiga picha, nikawaarifu wenzangu kwamba joto limeuua. Masika yakaingia, mitaro ikamwaga maji ya mji kwenye hori, na baada ya wiki chache mwani ule ule, juu ya jiwe lile lile, ukawa na rangi ya zambarau iliyokolea. Haukuwa umekufa hata siku moja. Ulikuwa na njaa, ukala akiba yake.

Tangu hapo nimejifunza kutousemea mwani kabla ya kuuhoji, na haya ndiyo maswali ninayouuliza.

Kwanza, tuelewane kwa nini tuuhoji mwani badala ya kutosheka na kipimajoto. Samaki akichukizwa na maji ya moto huteremka kilindini. Kaa huingia shimoni. Mwani umeshikamana na jiwe, hauna pa kukimbilia, kwa hiyo maji yakibadilika hauna budi kubadilisha mwili wake: rangi, unene, chumvi iliyomo ndani ya chembe zake, kasi ya kupumua. Kipimajoto kitakwambia maji yalivyo saa hii. Mwani utakwambia yalivyokuwa kwa wiki mbili tatu zilizopita, ila hausemi mpaka uulizwe vizuri.

Na Kibarani ni mahali pa kujifunzia kuliko pengi. Ni pale kwenye shingo inayounganisha kisiwa na bara, ambapo kwa miaka mingi abiria wa matatu walifunga madirisha kwa harufu ya jaa. Mwaka 1988 mafuta yapatayo tani 5,000 yalimwagika kwenye hori la Makupa na mikoko ikakauka. Jaa likafungwa mwaka 2018, taka zikaelekezwa Mwakirunge, mahali pakapandwa nyasi na miti. Kisha mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya la Makupa, mahali pa lile tuta la barabara lililokuwa limeziba njia ya maji kati ya upande wa Tudor na upande wa Kilindini. Hori moja, na maji yake yamebadilishwa hali mara kadhaa ndani ya umri wa mtu mmoja.

Kabla ya lolote, miguu yako. Chini ya zile nyasi nzuri bado ni jaa: kuna chupa zilizovunjika, misumari, sindano. Vaa gambuti za mpira mzito na glovu, na usiende peke yako, maana maji ya bamvua yakianza kujaa hayangoji mtu amalize kuandika. Na mwani wa hapa usiule, wala usimpe mbuzi. Mwani hunyonya madini mazito kama risasi na kadimiamu kutoka majini na kuyaweka mwilini, na kuuosha hakuyatoi.

Siku ya kwenda ni ya bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na siku moja mbili zinazofuata. Mombasa, maji ya bamvua hupwa mpaka mwisho karibu saa nne au saa tano asubuhi. Hili si jambo dogo. Maana yake ni kwamba siku ambazo mwani huachwa wazi zaidi ndizo siku ambazo jua huukuta karibu na utosi, na mwezi wa Machi jua lenyewe hupita juu ya Mombasa moja kwa moja. Mtu anayekwenda siku za maji mafu jioni, kwa sababu kuna kivuli, huukuta mwani ukiwa umestarehe na huandika habari za starehe.

Vifaa havina gharama. Kipimajoto cha pombe, si cha zebaki. Fremu ya mraba ya bomba la plastiki, kila upande nusu mita, iliyofungwa nyuzi mpaka ikatoa vijumba 25. Ukiilaza juu ya jiwe unahesabu vijumba vilivyofunikwa na mwani wa kijani, vingapi vya mwekundu, vingapi ni jiwe tupu. Simu ya kupigia picha. Daftari na penseli, kwa sababu kalamu ya wino na maji ya chumvi hazipatani.

Kipimo cha chumvi kitengeneze mwenyewe. Chukua mrija mgumu wa kunywea soda, ziba ncha moja kwa udongo wa kufinyangia mpaka uelee wima. Uweke kwanza kwenye maji ya mvua au ya chupa, weka alama pale unapozama. Usitumie maji ya kisima cha Mombasa. Yana chumvi; sote twajua chai yake. Kisha uweke kwenye maji uliyoteka baharini, Mama Ngina, wakati wa kujaa, maji ya bahari kuu yenye chumvi karibu sehemu 35 katika 1,000. Mrija utaelea juu zaidi, weka alama ya pili. Kati ya alama hizo mbili una kipimo chako. Hakikisha tu kwamba maji yote yamekaa kivulini mpaka yakalingana joto, la sivyo utapima joto ukidhani ni chumvi.

Sasa mahojiano.

Mzee mmoja mvuvi aliyenikuta nimeinama pale aliniuliza, "Mwanangu, watafuta nini matopeni?" Nikamwambia naangalia mwani. Akacheka: "Huo wa kijani si wa kuangaliwa. Ukiuona mwingi, jua choo cha mtu kimefika."

Mzee alisema kweli, ingawa si kweli yote. Mwani wa kijani utakaokutana nao, mpana na laini kama mchicha uliochemshwa, au wa mirija kama utumbo wa kuku, ni wa jamii ya Ulva. Ule mpana una unene wa chembe mbili tu. Karibu kila chembe yake inagusa maji, kwa hiyo naitrojeni ya maji machafu ikifika huimeza na kukua mbele ya wenziwe wote. Lakini Ulva pia huvumilia maji baridi ya mvua kuliko mwani mwingi. Kwa hiyo ukiukuta umefunika vijumba 20 kati ya 25, uliza mrija wako kwanza. Ikiwa chumvi imeshuka na mwani mwekundu umeoza, kijani kimeshinda kwa sababu ya mvua. Ikiwa chumvi iko pale pale na mvua haijanyesha, mfuate mzee: tafuta mtaro.

Tofauti ya uvumilivu kati ya kijani na mwekundu unaweza kuiona kwa macho nyumbani. Weka kipande cha mwani mwekundu kwenye gilasi ya maji ya mvua na kipande cha Ulva kwenye nyingine. Maji yasiyo na chumvi hukimbilia ndani ya chembe zenye chumvi na kuzivimbisha. Mwani hujitetea kwa kutoa nje madini kama potasiamu na kupunguza sukari zake ili shinikizo lishuke. Ulva huweza kazi hiyo kwa muda mrefu. Ule mwekundu ukishindwa, chembe hupasuka, na baada ya saa kadhaa utaona maji yanageuka ya waridi. Rangi hiyo ndiyo fikoerithrini, protini inayoyeyuka majini, na ndiyo iliyonidanganya mwezi ule wa Machi.

Hapa nataka tukae kidogo. Mwani mwekundu una klorofili ya kijani kama mmea wowote. Ukitaka ushahidi, tia kipande kwenye maji yanayochemka: wekundu utapotea, kijani kitabaki. Kazi ya wekundu ni kunasa mwanga hafifu wa majini, lakini kwa kuwa ni protini, ni ghala la naitrojeni vilevile. Maji yakikosa chakula, mwani huibomoa rangi yake ili uendelee kuishi. Jua likizidi, huipunguza pia, kwa kuwa mwanga uliozidi huunguza kuliko kulisha. Kaskazi hukutanisha yote mawili: maji maangavu yasiyo na rutuba na jua kali. Mwani uliopauka basi unaweza kuwa na njaa, umejikinga na jua, au unakufa kweli, na picha ya simu haiwezi kukwambia ni lipi.

Uutofautishe hivi. Ubonyeze kwa vidole: ulio hai ni mgumu na hurudi kama mpira, unaokufa ni laini na huteleza. Kama ni mgumu, uchukue vipande viwili vinavyolingana, uviweke kivulini katika ndoo mbili za lita tano za maji ya bahari, na katika ndoo moja utie chembe moja tu ya mbolea ya urea. Chembe, si kijiko. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Kipande chenye mbolea kikirudisha wekundu ndani ya wiki moja au mbili na kingine kibaki vile vile, ilikuwa njaa. Vyote viwili vikikoza rangi, jua ndilo lililokuwa limezidi. Vyote vikilainika na kunuka, andika kifo bila kuona haya.

Kwa joto, tumia mapovu. Weka kipande cha Ulva kwenye chupa ya kioo yenye maji ya bahari ya nyuzi 26, kingine kinacholingana nacho kwenye maji ya nyuzi 34, ziache juani zote mbili, uhesabu mapovu ya oksijeni kwa dakika tano. Rudia baada ya nusu saa, maana maji ya moto huachia hewa yake yenyewe mwanzoni na yatakuhadaa. Jambo la kukumbuka ni kwamba joto huharakisha usanisinuru na kupumua kwa pamoja, lakini kupumua huendelea kupanda pale ambapo usanisinuru umeshachoka. Kuanzia hapo pato la mwani hupungua, na joto likizidi hutumia zaidi ya unachochuma, na usiku, pasipo jua la kuchumia, hunyonya oksijeni ya maji. Ndiyo sababu samaki huonekana wakihema juu ya maji alfajiri mahali penye kijani kingi.

Kuhusu asidi, nitasema machache kwa sababu hapa ndipo watu hukosea kwa bidii. Bahari za dunia zimeshuka kutoka pH ya karibu 8.2 hadi karibu 8.1 tangu viwanda vianze kuchoma makaa, na hilo ni ongezeko la asidi la karibu asilimia 30. Lakini pima kidimbwi chenye Ulva kwa vikaratasi vya wafuga samaki, alfajiri na tena saa tisa alasiri: mwani ukiwa umemeza hewa ya ukaa mchana kutwa, tofauti ya siku moja inaweza kuipita ile ya karne. Kwa hiyo kipimo kimoja si habari. Ukitaka kuona mwani unaoumizwa na asidi, Kibarani siyo mahali pake; nenda kwenye miamba ya Nyali ukautafute ule wa vijisarafu vya kijani vilivyounganishwa, Halimeda, unaojijengea mwili wa chokaa. Fuatilia kama vijisarafu vyake vinazidi kuwa vyepesi mwaka hadi mwaka.

Mtu ataniuliza mahojiano yote haya ni ya nini, ikiwa mwani wenyewe hauliwi. Waulize wakulima wa Kibuyuni, huko Kwale, au wa Paje na Jambiani, Unguja, walioanza kilimo cha mwani mwaka 1989. Wanalima aina mbili: spinosumu, na kotonii yenye bei nzuri zaidi. Kotonii ndiyo iliyoshindwa na maji ya moto ya ufukweni. Matawi hupauka, hulainika na kukatika, na wengi Unguja walilazimika kubaki na spinosumu au kutafuta maji ya kina. Mkulima anayejua kutofautisha tawi lenye njaa na tawi linalooza hulikata linalooza na kulisubiri lenye njaa. Asiyejua hung'oa kamba nzima.

Rudi kwenye jiwe lile lile kila bamvua, uweke fremu pale pale, uandike joto, chumvi, vijumba, na mara ya mwisho mvua kunyesha. Usiruke mwezi kwa sababu "hakuna kipya". Mwezi usio na kipya ndio unaokuonyesha kawaida ikoje. Daftari likitimiza mwaka, lichukue uende nalo Mkomani, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi. Langu bado halijatimiza: lina pengo la Aprili, mwezi niliokaa nyumbani nikiamini kwamba mwani wangu umekufa.