Mche wa Sabuni: Somo la Maumbo kwa Watoto Wetu wa Texas

Mhariri aliniomba niandike kitu cha kiinjinia. Nadhani alitegemea nitaandika juu ya madaraja au kompyuta. Samahani, leo nitaandika juu ya hesabu za darasa la tano: maumbo yenye urefu, upana na kimo. Usicheke kwanza. Mimi nina miaka thelathini, nasomea shahada ya pili ya uhandisi, na somo hili lilinishinda kulifundisha Jumamosi mbili mfululizo.

Ilikuwa hivi. Hapa Dallas na Fort Worth, na kule Houston pia, kuna familia nyingi za Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi kabla ya kuletwa Marekani. Baadhi yetu wanafunzi huwasaidia watoto wao masomo siku za Jumamosi. Mmoja wangu alikuwa kijana wa miaka kumi na moja, aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mama yake aliniita niwe mkalimani kwenye kikao shuleni. Walimu walitaka kumhamishia kundi la watoto wanaochelewa kuelewa, kwa sababu kwenye jaribio la maumbo alipata karibu sifuri. Tulipotoka nje mama aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, mutoto wangu haiko mujinga." Tulipewa wiki sita, halafu wangempima tena.

Nikaanza kwa mbwembwe. Fomula hii, fomula ile. Mtoto anaitikia "ndiyo mwalimu" kila mara. Jamani, sisi tuliolelewa Kiswahili tunajua ile "ndiyo" ya adabu! Haina maana kwamba mtu ameelewa. Jumamosi ya tatu ndipo nilipochukua karatasi yake ya jaribio nikamwuliza kila neno maana yake. Neno "volume" alisema ni sauti ya redio. Neno "solid" alisema ni kitu kigumu, kwa hiyo boksi tupu la karatasi haliwezi kuwa "solid". Sasa niambie, hapo kosa la akili liko wapi? Alikuwa amejibu vizuri swali ambalo hakuulizwa.

Tukaanza upya kwa Kiswahili. Nakuandikia jinsi tulivyofanya, ili nawe ukipata mtoto wa kumsaidia usipoteze Jumamosi mbili kama mimi.

1. Majina yenyewe yanafundisha

Chukua mche wa sabuni ya kufulia. Ukate popote, karibu na ncha au katikati, mradi kisu kinyooke. Kila kipande kina uso wa umbo lile lile. Hiyo ndiyo maana ya mche katika hesabu: umbo ambalo ukilikata sambamba na kitako chake unapata sura ile ile toka mwanzo mpaka mwisho. Kitako kikiwa mstatili, ni mche mstatili. Kikiwa pembetatu, ni mche pembetatu. Silinda nayo ina tabia hiyo hiyo, ila kitako chake ni duara. Vipimo vyote vikiwa sawa, ni mchemraba.

Pia ni ile pia ya kuchezea, inayozunguka kwa ncha yake. Tufe ni kama lile wanalorusha wanariadha. Kijana wangu alipoyasikia haya alicheka, akasema, "Kumbe hizi vitu nazijua!" Ndiyo, alikuwa anazijua siku zote.

2. Hesabu nyuso, vipeo na kingo

Uso ni upande bapa unaoweza kuupapasa kwa kiganja. Ukingo ni mstari ambapo nyuso mbili hukutana. Kipeo ni ile ncha ambapo kingo hukutana. Kwa bahati nzuri Waingereza nao wanasema "face", yaani uso, kwa hiyo neno hilo halisumbui.

Mpe mtoto boksi na kalamu ya rangi, aweke alama kila anachohesabu ili asirudie. Mchemraba una nyuso 6, vipeo 8, kingo 12. Mche pembetatu una nyuso 5, vipeo 6, kingo 9. Piramidi ya kitako mraba ina nyuso 5, vipeo 5, kingo 8. Sasa jumlisha nyuso na vipeo, halafu toa kingo. Kila mara unapata 2. Kanuni hii ilitolewa na mwanahisabati Leonhard Euler katika karne ya 18, nayo inafanya kazi kwa maumbo yote ya nyuso bapa yasiyo na tundu wala mbonyeo. Faida yake ni kwamba mtoto anaweza kujisahihisha mwenyewe. Akipata 1 au 3, ajue kuna mahali amekosea kuhesabu.

3. Ujazo ni maji, siyo fomula

Hapa ndipo pa moyo wa somo. Kijana huyu alichota maji kambini kwa dumu la lita 20. Nikamwuliza, dumu lile likiwa sanduku la sm 25 kwa sm 20 kwa sm 40, litachukua kiasi gani? Tukachora vijiraba vya sm 1 kwenye kitako: 25 mara 20, vinaenea 500. Tabaka moja la vijichemraba ni 500. Matabaka mangapi mpaka juu? 40. Basi ni vijichemraba 20,000. Lita moja ni vijichemraba 1,000, kwa hiyo ni lita 20 kamili. Na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ni kilo 20 kichwani. Hapo akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ndiyo maana shingo ilikuwa inauma."

Kwa hiyo ujazo wa mche wowote ni eneo la kitako mara kimo, basi. Hata silinda.

Baadaye nikamtega: tukiongeza kila kipimo mara mbili, ujazo unakuwa mara ngapi? Akasema mara mbili, kama wengi wanavyosema. Tukahesabu: 50 kwa 40 kwa 80 ni 160,000, yaani lita 160. Ni mara nane! Hizo ni karibu sawa na pipa moja la mafuta linalotajwa kila siku huko Houston, ambalo ni galoni 42, yaani takriban lita 159.

Kwa pia, tumia mchele. Tengeneza pia ya karatasi ngumu na silinda yenye mdomo sawa na kimo sawa. Angalia, kimo cha pia hupimwa wima toka ncha mpaka katikati ya mdomo, siyo kwa kufuata mteremko wake. Jaza pia, mimina kwenye silinda. Mara tatu inajaa. Silinda yenye kipenyo cha sm 10 na kimo cha sm 12 inachukua kama sm za ujazo 942, na pia yake 314. Piramidi na mche wake nao ni hivyo hivyo, moja ya tatu.

4. Toka nje uangalie mji

Miji yetu hii ni kitabu cha maumbo. Pale Dallas kuna jengo la City Hall alilolibuni I. M. Pei, lililofunguliwa mwaka 1978. Uso wake umeinamia mbele na kila ghorofa ni pana kuliko iliyo chini yake. Swali: je, huo ni mche? Wengi hukataa. Lakini likate toka ubavuni, kama sabuni, utaona kila kipande kinafanana. Ni mche uliolazwa! Karibu na hapo kuna Reunion Tower na tufe lake la taa. Houston kuna Astrodome ya mwaka 1965, ambayo paa lake ni kama kipande kilichokatwa juu ya tufe kubwa.

Ukipita barabara ya 225 kuelekea Deer Park utaona matangi ya mafuta. Mengi ni silinda, lakini mengine ni matufe kabisa. Kwa nini? Hayo huwekwa gesi yenye kani kubwa. Tufe halina kona, kwa hiyo kani inasambaa sawasawa, na pia linatumia bati dogo kuliko umbo lingine lolote la ujazo ule. Kwa lita moja, mchemraba unahitaji sm za mraba 600, tufe kama 484 tu.

Basi wiki sita zikaisha, tukarudi shuleni. Mwalimu alimpa boksi na rula. Kijana akapima, akahesabu, akataja ujazo kwa Kiingereza, na bila kuulizwa akaongeza kwamba likijazwa maji litakuwa na uzito wa kilo kadhaa. Mwalimu akamtazama, akatabasamu. Hakuhamishwa. Maksi zake si za ajabu mpaka leo, ila yuko darasani kwake na wenzake.

Ndugu zangu, wengi wetu tuna saa mbili Jumamosi, tena tuna lugha ambayo shule hizi hazina. Ukienda, beba boksi, mchele na mche wa sabuni. Na mtoto akisema "ndiyo mwalimu", mwambie akuonyeshe.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.